Rekodi kama Hoja: Idadi ya Waimbaji na Nafasi ya Maikrofoni katika Kurekodi Muziki Mtakatifu wa J. S. Bach kwa Mtindo wa Kihistoria

IKISIRI

Makala haya yanafafanua namna muziki mtakatifu wa kwaya wa enzi ya Baroko unavyorekodiwa na wasanii wanaotumia ala na mbinu za enzi hiyo. Mfano uliochukuliwa ni kazi za Johann Sebastian Bach (1685–1750), hususan Misa iliyo katika funguo ya B ndogo. Swali linaloongoza ufafanuzi ni hili: je, rekodi inaweza kuchukuliwa kuwa ushahidi wa idadi ya waimbaji aliowatumia Bach mjini Leipzig? Makala yanajenga hoja kwamba rekodi ni hoja iliyotamkwa kwa sauti, si ushahidi wa kihistoria, kwa kuwa uwiano kati ya waimbaji na ala huamuliwa kwa kiasi kikubwa na mahali maikrofoni inapowekwa pamoja na uhariri unaofuata. Hata hivyo, yapo mambo machache ambayo rekodi inaweza kuyathibitisha, nayo yameelezwa.

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa Afrika Mashariki hukutana na Bach kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ibada. Makanisa ya Kilutheri ya Tanzania yamerithi tenzi za Kijerumani ambazo Bach mwenyewe alizipanga kwa sauti nne, na mwanakwaya wa kijijini anaweza kuimba besi ya utenzi wa namna hiyo bila kuwahi kusikia jina la aliyeupanga. Njia ya pili ni rekodi. Kazi kubwa za Bach, yaani kantata, Mateso na Misa, hazisikiki kwetu mara kwa mara katika matamasha. Zinasikika kwa santuri, kwa kanda, kwa diski na siku hizi kwa intaneti. Kwa hiyo, mtafiti wa huku anategemea rekodi kuliko mwenzake wa Leipzig anayeweza kutembea kwa miguu hadi kanisa lenyewe. Utegemezi huo una hatari yake.

Hatari hiyo ilijitokeza mapema katika utafiti huu. Katika rasimu ya kwanza ya pendekezo, mtafiti aliandika kwamba rekodi ya Misa ya B Ndogo iliyotolewa mwaka 1982 “imethibitisha” kuwa waimbaji wachache, mmoja kwa kila sauti, walitosha kuiimba kazi hiyo. Msimamizi aliizungushia duara sentensi hiyo na kuandika pembeni: imethibitishwa wapi, kanisani au kwenye kanda? Makala haya ni jibu la swali hilo.

2.0 Chimbuko la Mjadala

Utendaji wa kihistoria, kwa maana inayotumika hapa, ni juhudi ya kuutenda muziki wa zamani kwa ala, idadi ya wasanii, kiimbo na mbinu zinazokaribiana na zile zilizokuwapo kazi ilipotungwa. Vayolini hufungwa nyuzi za utumbo, tarumbeta haina vali, na kiimbo kwa kawaida huwekwa kwenye mitetemo 415 kwa sekunde kwa nota ya A badala ya 440 ya sasa. Kiimbo hicho cha 415 ni makubaliano ya wasanii wa karne ya 20. Huko Leipzig vinanda vya makanisa vilikuwa juu kwa takriban hatua nzima kuliko ala nyingine, na ndiyo sababu nakala za mpiga kinanda katika kantata za Bach ziliandikwa hatua moja chini. Mambo haya yamekwisha kuelezwa na wengi, hayatarudiwa.

Jambo lililozua ubishi mkubwa zaidi ni idadi ya waimbaji. Kwa muda mrefu, kwaya za Ulaya na Marekani ziliimba Misa ya B Ndogo kwa mamia ya watu. Mwaka 1968 Nikolaus Harnoncourt alirekodi Misa hiyo mjini Vienna kwa ala za kihistoria na kwaya ndogo ya wavulana na wanaume, na wasikilizaji wengi waliona kwamba upunguzaji umefika mwisho wake. Haukuwa umefika. Mwaka 1981 Joshua Rifkin aliwasilisha mbele ya wanamuziki wa Marekani hoja kwamba kwaya ya Bach, katika muziki wa sauti na ala, kwa kawaida ilikuwa na mwimbaji mmoja tu kwa kila sauti. Rekodi yake ya Misa iliyotengenezwa kwa kanuni hiyo ilitolewa na Nonesuch mwaka 1982, na mwaka 1983 ilipewa tuzo na jarida la Gramophone la Uingereza.

Msingi wa hoja ya Rifkin ulikuwa nakala zilizoandikwa kwa mkono kwa ajili ya wasanii. Mfano mzuri ni nakala ambazo Bach alizipeleka Dresden Julai 1733, alipomtunukia Mteule wa Saxony sehemu mbili za kwanza za Misa, yaani Kyrie na Gloria. Kuna nakala 21. Kwa waimbaji ipo nakala moja tu kwa kila sauti kati ya zile tano: soprano ya kwanza, soprano ya pili, alto, teno na besi. Katika nakala hizo mwimbaji anakuta nyimbo za peke yake na za kwaya zikifuatana katika karatasi ileile, bila alama ya kumwambia mwenzake anyamaze sasa au aingie sasa. Rifkin aliuliza: kama watu watatu walikuwa wakisomea karatasi moja, mbona hakuna maelekezo ya wawili kati yao kunyamaza wimbo wa mmoja unapoanza?

Upande wa pili una hati nzito pia. Tarehe 23 Agosti 1730 Bach aliiandikia halmashauri ya mji wa Leipzig waraka kuhusu mahitaji ya muziki wa kanisa. Alieleza kwamba kila kwaya inapaswa kuwa na waimbaji wasiopungua 12, watatu kwa kila sauti, na kwamba ingekuwa bora zaidi wakiwa 16. Aliwapanga pia wanafunzi wa shule ya Mtakatifu Thomas katika makundi matatu: 17 wanaofaa, 20 wasiofaa bado, na 17 wasiofaa kabisa. (Mwalimu yeyote wa kwaya atakayeusoma waraka huu atacheka kidogo, kisha atamwonea huruma mwandishi wake.) Ton Koopman, ambaye amerekodi kantata zote za Bach, ni miongoni mwa walioshikilia kwamba takwimu hizo zinapaswa kuchukuliwa kama zilivyo. Rifkin, na baada yake Andrew Parrott katika kitabu alichokichapisha mwaka 2000, walijibu kwamba waraka unazungumzia akiba ya waimbaji ambamo kiongozi wa kwaya huchagua, pamoja na moteti za zamani zilizoimbwa kila Jumapili. Hauzungumzii idadi ya waliosimama kuimba kantata.

Kwa maoni ya mtafiti, hoja ya nakala ina nguvu kuliko hoja ya waraka, kwa sababu nakala ni vifaa vya kazi ilhali waraka ni ombi. Mtu anayeomba bajeti huandika kwa lugha ya mtu anayeomba bajeti. Hata hivyo, msimamo huu unatokana na karatasi. Hautokani na rekodi, na hapo ndipo tatizo la makala haya linapoanzia.

3.0 Maikrofoni Inavyoamua Uwiano

Wapinzani wa Rifkin walikuwa na swali rahisi ambalo hata asiyesomea muziki angeliuliza: waimbaji watano watasikikaje mbele ya tarumbeta tatu na ngoma za timpani? Wengi walijibu kwa kuelekeza kwenye rekodi. Sikiliza, walisema, wanasikika.

Ni kweli wanasikika. Lakini swali la kusikika ni swali la mahali, na rekodi imelijibu kwa kubadili mahali. Masikio ya muumini aliyeketi katikati ya kanisa yalikuwa mbali na waimbaji na mbali pia na tarumbeta. Tofauti ya umbali baina ya hao wawili ilikuwa ndogo ukilinganisha na umbali wenyewe. Maikrofoni, kwa upande mwingine, husimama hatua chache mbele ya wasanii. Kwa umbali huo, mwimbaji akisogea hatua moja mbele na mpiga tarumbeta akirudi hatua tatu nyuma, uwiano wa nguvu hubadilika kwa kiasi ambacho mtu wa katikati ya kanisa asingekitambua. Zaidi ya hapo, wahandisi wa sauti mara nyingi huongeza maikrofoni za pembeni, moja karibu na waimbaji na nyingine karibu na oboi, kisha huchanganya mikondo hiyo baadaye. Kutumia mbinu hizo si udanganyifu, kwa kuwa bila mbinu za aina hiyo rekodi nyingi za kwaya zingekuwa ukungu mtupu. Hata hivyo, mara uwiano unapokuwa umepangwa mezani, hauwezi kuitwa tena kushuhudia kuhusu uwiano wa Leipzig.

Kipande cha “Cum Sancto Spiritu”, kinachofunga Gloria, kinaonesha jambo hili vizuri. Fuga yake ya kwanza inaimbwa na sauti tano zikisindikizwa na ala za besi na kinanda pekee. Hapo mwimbaji mmoja kwa kila sauti hana mpinzani, na msikilizaji anafuata kila mstari kama anavyofuata mazungumzo ya watu watano mezani. Fuga inaporudi mara ya pili, ala zinaimba pamoja na sauti na kuzikuza. Mwishoni tarumbeta na timpani zinaingia kwa nguvu zote. Ni katika sehemu hiyo ya mwisho tu ambapo swali la wapinzani lina uzito, na ni katika sehemu hiyohiyo ambapo mchango wa maikrofoni ni mkubwa kuliko mahali pengine popote. Kwa maneno mengine, pale tunapohitaji ushahidi zaidi ndipo rekodi inapokuwa shahidi dhaifu zaidi.

Bach naye alikuwa na njia yake ya kupanga uwiano: nafasi za watu. Katika kanisa la Mtakatifu Thomas wasanii walikuwa juu, kwenye roshani ya magharibi. Waimbaji wakisimama mbele karibu na ukingo na tarumbeta zikiwa nyuma au pembeni, roshani yenyewe inafanya sehemu ya kazi ambayo leo hufanywa na mhandisi. Linganisha na mpangilio wa tamasha la sasa, ambapo kwaya husimama nyuma ya ala zote. Mpangilio huo ukitumiwa kujaribu hoja ya Rifkin, matokeo yanajulikana kabla ya jaribio.

Kuna pia suala la jengo. Hope Bagenal, mtaalamu wa Uingereza wa akustika za majengo, alieleza mwaka 1930 kwamba roshani na mbao zilizoongezwa katika kanisa hilo baada ya Matengenezo ya Kanisa zilifupisha mwangwi, na kwamba ufupi huo ulimwezesha Bach kuandika fuga za kasi ambazo zingepotea katika kanisa la mawe matupu. Ndani ya kanisa hilo kulibadilishwa sana mwishoni mwa karne ya 19, kwa hiyo hata anayerekodi papo hapo harekodi katika chumba cha Bach. Isitoshe, kanisa la Bach lilikuwa limejaa watu, na miili na nguo za watu hufyonza sauti. Vipindi vya kurekodi hufanyika kanisa likiwa tupu, mara nyingi usiku ili kukwepa kelele za magari.

Miradi miwili ya kantata inaonesha jinsi wasanii wanavyoweza kulishughulikia jengo kwa njia zinazopingana. Masaaki Suzuki na Bach Collegium Japan walirekodi kantata takatifu katika kanisa la chuo cha Shoin mjini Kobe kuanzia mwaka 1995 hadi 2013, juzuu 55, karibu zote katika chumba kimoja. John Eliot Gardiner alifanya kinyume: ndani ya mwaka 2000 alizunguka makanisa ya Ulaya, kisha akamalizia New York, akiimba kantata katika sikukuu zake na kurekodi mbele ya watu. Kwa Suzuki msikilizaji anaweza kulinganisha kantata na kantata kwa sababu chumba hakibadiliki. Kwa Gardiner anasikia pumzi, haraka na wakati mwingine uchovu wa watu waliosafiri juma zima. Mtafiti anayechunguza utunzi atanufaika zaidi na Suzuki. Anayechunguza utendaji kama tukio atanufaika zaidi na Gardiner. Katika miradi yote miwili, Leipzig ya mwaka 1724 haimo.

4.0 Sauti Ambazo Hazipo

Mjadala wa idadi umefunika jambo jingine ambalo, kwa maoni ya mtafiti, ni zito kuliko idadi. Katika makanisa makuu ya Leipzig wanawake hawakuimba muziki huu. Soprano na alto ziliimbwa na wavulana na vijana wa kiume. Rekodi ya Rifkin ina wanawake katika soprano, na rekodi nyingi zinazoitwa za kihistoria zina wanawake watu wazima waliosomea uimbaji kwa miaka mingi. Kwa nini rekodi inayohesabu waimbaji kwa uangalifu mkubwa hivyo huachia jinsia na umri vipite bila maelezo?

Sababu moja ni ya kimwili. Utafiti wa S. F. Daw, uliochapishwa mwaka 1970 kwa kutumia kumbukumbu za wanakwaya wa Bach, ulionesha kwamba sauti za wavulana wa wakati ule zilivunjika kwa kuchelewa, wengi wakiwa na miaka 16 au 17. Siku hizi zinavunjika karibu na miaka 13. Kijana wa miaka 16 mwenye sauti ya soprano ana mapafu ya mtu karibu mzima na miaka minane au tisa ya mafunzo. Mwimbaji wa aina hiyo karibu hayupo tena. Nikolaus Harnoncourt na Gustav Leonhardt, waliporekodi kantata takatifu kama mkusanyo mzima kuanzia mwaka 1971, walithubutu kutumia wavulana hata katika nyimbo za mtu mmoja. Mkusanyo huo ulichukua takriban miaka 20. Ndani yake unasikia watoto wakipambana na misemo mirefu ambayo pumzi zao hazikuifikia. Baadhi ya wasikilizaji waliuona kuwa udhaifu wa mradi. Mtafiti anauona kuwa ndiyo sehemu yake yenye ukweli mwingi zaidi, ingawa ni ukweli kuhusu mtoto wa miaka 12 wa karne ya 20, ambaye si yule kijana wa Bach.

Tarumbeta nazo zina hadithi inayofanana. Tarumbeta ya enzi ya Baroko haikuwa na matundu. Mpigaji alirekebisha nota zisizo safi kwa midomo. Karibu na mwaka 1960, Otto Steinkopf wa Ujerumani alianza kutoboa matundu madogo ili kuzisafisha nota hizo, na tarumbeta za namna hiyo ndizo zilizoenea katika rekodi za “ala za kihistoria”. Ni rahisi kuelewa ni kwa nini. Nota iliyopotoka katika ibada hupita na kusahauliwa. Nota hiyohiyo katika diski hurudi kila diski inapochezwa. Rekodi haivumilii kosa, na kutovumilia huko kumerudi nyuma na kuibadilisha ala yenyewe.

5.0 Rekodi Inaweza Kuthibitisha Nini?

Jibu fupi ni kwamba inaweza kuthibitisha uwezekano wa kimwili, na hata hapo kwa masharti. Kama swali ni iwapo mwimbaji mmoja anaweza kuimba nyimbo zake za pekee na pia kila kipande cha kwaya bila sauti yake kuishiwa nguvu, basi rekodi ya tamasha iliyofanywa kwa mfululizo ni ushahidi halali. Rekodi ya vipindi si ushahidi kwa swali hilo, kwa kuwa Misa inayochukua karibu saa mbili hurekodiwa kwa siku kadhaa, kwa vipande na bila kufuata mpangilio, na mwimbaji aliyechoka hupumzishwa. Uhariri huunganisha majaribio mengi hadi yakasikika kama pumzi moja.

Rekodi inaweza pia kuthibitisha kwamba mpangilio fulani wa sauti unasikika kwa maana fulani. Paul McCreesh alipourekodi Mateso kwa Injili ya Mathayo kwa mwimbaji mmoja kwa kila sauti katika kanisa kuu la Roskilde, Denmark, mwaka 2002, makundi mawili ya waimbaji wanne yalibadilisha tabia ya kazi: umati unaopaza sauti dhidi ya Yesu si umati tena, ni watu wanane wenye nyuso. Hilo ni jambo la kifasiri, na rekodi inalionesha bila kuhitaji kutuambia chochote kuhusu Leipzig. Richard Taruskin alikwisha kudai kwamba utendaji wa kihistoria unaakisi ladha ya karne ya 20 kuliko unavyorejesha karne ya 18. Si lazima kumfuata hadi mwisho ili kukubali kwamba, kwa upande wa rekodi, alikuwa karibu na ukweli.

Kwa sababu hizo, utafiti huu umezigawa data zake katika safu mbili zisizochanganywa. Safu ya kwanza ni hati: nakala za wasanii, waraka wa 1730 na kumbukumbu za shule. Safu ya pili ni rekodi, na kila rekodi imewekewa maelezo ya mahali ilipofanyiwa, iwapo kulikuwa na hadhira, idadi na aina ya waimbaji, na hali ya tarumbeta. Safu ya umbali wa maikrofoni ilikusudiwa tangu mwanzo, lakini imebaki tupu karibu yote: vijitabu vinavyoambatana na diski hutaja mara nyingi jina la aliyetengeneza kila vayolini, na nadra sana hutaja maikrofoni ilisimama wapi. Safu hiyo tupu imeachwa katika jedwali kwa makusudi.

Sentensi iliyozungushiwa duara imeandikwa upya katika sura ya nne ya tasnifu. Sasa inasema kwamba rekodi ya mwaka 1982 inaonesha namna Misa ya B Ndogo inavyoweza kusikika kwa mwimbaji mmoja kwa kila sauti mbele ya maikrofoni, na kwamba nakala za Dresden, ambazo hazina sauti yoyote, ndizo zinazobeba uzito wa dai lenyewe.